Kikurdi cha Wapi, Kimarathi cha Nani

Nyinyi mliopata vitambulisho vya ukalimani juzi, mkavipiga picha hata kabla hamjavivaa shingoni, hongereni. Picha zenu nimeziona. Binti mmoja kakishika chake juu chini, lakini tabasamu lilikuwa zuri. Mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nami mtu mzima niliyestaafu, ambaye asubuhi zangu zinaishia kwenye kubembeleza bamia zikubali kuota Birmingham, siwezi kukataa kuombwa maneno. Kaeni basi. Anayetaka kunisoma huku anachungulia simu nyingine, ruksa, ila akipotea njia mimi sirudii.

Kazi yangu ilikuwa kupanga wakalimani. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani kule Handsworth, juu ya duka la vitambaa, dirisha likitazama mabasi ya Soho Road. Hospitali ikipiga simu kutaka mtu wa Kipashto, mimi ndiye wa kumtafuta. Shule, mahakama, zahanati, wote walipita mezani kwangu, na Kiswahili nilikwenda kukifanya mwenyewe. Siku hizi mnakalimani mbele ya kamera, koti juu na pajama chini, msidhani hatujui. Zamani mtu alikwenda kwa miguu yake, akaketi na mgonjwa kwenye viti vya plastiki nje ya mlango wa daktari, wakapiga soga kidogo, akajua mapema huyu ni mtu wa wapi na anasemaje. Vile viti vilitusaidia kuliko mafunzo mengi niliyohudhuria, ukiondoa siku za mafunzo zilizokuwa na sambusa.

Mjukuu wangu huniambia, "Nan," ndivyo watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao, "si kuna app?" Ipo. Nimeijaribu. Unachagua lugha kwenye orodha, inaanza kusema. Tabu ni kwamba inakuamini ulichochagua, na watu hawako hivyo. Mmoja wenu naye aliniambia kwenye mafunzo, kifua mbele, kwamba Kiswahili ni Kiswahili. Mwanangu, nakupenda, lakini bado hujakutana na baba wa Lubumbashi.

Mimi nilikutana naye. Ni mtoto wa Tanga mimi, na nilifika nchi hii nikiamini kwamba Kiswahili kilizaliwa mtaani kwetu na wengine wote walikuja kuazima. Siku moja nikapelekwa Shard End kumkalimania baba mmoja Mkongo, nyumba yake imeota ukungu ukutani. Nikakohoa, nikamwaga Kiswahili changu chote cha pwani. Yule baba akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, kwa adabu kabisa. Halafu akasema, "Mama, unasema muzuri sana, kama ku radio. Sasa mutu wa kusema na mimi iko wapi?" Mama wa halmashauri aliyekuja kuukagua ukungu akaniuliza kasema nini, na sikuwa na budi kumwambia. Tulicheka wote watatu, tukaanza upya polepole, kila mmoja akimwuliza mwenzake kwao kitu hiki kinaitwaje, na ukungu ukapata fundi.

Basi tangu hapo nikawa na sikio kwa mambo haya, na ofisini kwetu nilipata walimu wawili ambao hawakuacha kubishana mpaka nastaafu. Mmoja alikuwa Mkurdi wa Suleimania, kule Iraki, jina lake Dilshad. Masharubu makubwa, subira ndogo, chai ya rangi anainywa kwa kubana donge la sukari katikati ya meno. Wa pili alikuwa Mmarathi kutoka Pune, upande wa magharibi ya India, jina lake Sunanda. Yeye chai yake ni ya maziwa na tangawizi, sweta limepigwa pasi, na alikuwa akisahihisha Kiingereza cha kila mtu, madaktari wakiwemo. Mimi nilikaa katikati, nikiwachokoza wote wawili ili siku iende.

Kwa Wakurdi wa upande wa Dilshad, kaka mkubwa huitwa kaka. Kwa hiyo nilipomwita Kaka Dilshad siku ya kwanza alifurahi mno, akadhani nimejifunza lugha yake. Sunanda naye alimwita Kaka, ila kwa Kimarathi huyo ni baba mdogo, yaani alikuwa anamzeesha kwa makusudi. Yeye Sunanda tulimwita Tai, maana kwao tai ni dada mkubwa. Nikamwambia kwetu tai ni ndege anayezunguka penye mizoga. Akanijibu kwamba ndiyo maana meza yake iko karibu na yangu.

Ubishi wao ulikuwa mmoja tu. Sunanda alisema Wakurdi wamezidi, kila kijiji kina lugha yake, sisi Wamarathi tuko mamilioni na mamilioni na Kimarathi ni kimoja. Dilshad alisema hakuna lugha iliyo moja, labda ya mtu anayeishi peke yake. Sunanda akamwambia amwonyeshe Mkurdi mwingine anayemwelewa. Na hapo Dilshad alikuwa akirudia chai yake, kwa sababu ya mambo yaliyompata kazini, kwenye shule moja.

Mambo yenyewe ni haya. Shule fulani ilipiga simu: kuna mzazi Mkurdi, leteni mkalimani. Wakati ule kwetu Kikurdi kilikuwa Kikurdi. Dilshad akavaa tai ya shingoni, akaenda. Kumbe yule mama ni wa Uturuki, anasema Kikurmanji, na Dilshad ni mtu wa Kisorani. Mama akaanza kueleza habari za binti yake, Dilshad anatikisa kichwa, jasho linamtoka, anadaka neno hapa na neno pale. Kisha akafanya jambo ambalo nyinyi vijana mnaliogopa kama sindano: akamgeukia mwalimu akasema, "Samahani, hiki sicho Kikurdi changu." Mama akang'amua kinachosemwa, akamwambia mwalimu kwa Kiingereza chake kidogo kwamba huyu bwana si Mkurdi. Dilshad akasema yeye ni Mkurdi, labda mama ndiye siye. Mwalimu maskini alikuwa anataka tu kusema kwamba mtoto anafanya vizuri kwenye hesabu.

Alirudi ofisini kavimba. Lakini baada ya chai ya pili akanichorea ramani nyuma ya bahasha, nami nawapa kama nilivyopewa. Kikurmanji ni cha kaskazini: Uturuki, Syria, na hata kaskazini ya Iraki, kule Duhok, ila huko wanakiita Kibadini. Kisorani ni cha katikati: Suleimania, Erbil, na ng'ambo ya pili ndani ya Irani. Kusini zaidi, Kermanshah, wana chao tena. Kikurmanji kinagawa vitu vya kiume na vya kike, Kisorani kiliachana na mambo hayo. Mtu wa Uturuki anaandika kwa herufi kama hizi zetu, mtu wa Suleimania anaandika kwa herufi za Kiarabu, na yule wa Duhok, ili kukuchosha wewe mpangaji, anasema kama wa kwanza na kuandika kama wa pili. Wamegawanywa na mipaka, na kwa wengi shule zilikataza hata kuisema lugha yao. Hakukuwa na mji mmoja wa kuwafundisha wengine, kwa hiyo kila Mkurdi ana hakika kwamba chake ndicho chenyewe na hamwonei mtu haya.

Kwa Wamarathi ni kinyume chake. Jimbo moja, mwandiko mmoja, shule moja, na usemi wa Pune ndio wa vitabu na wa taarifa ya habari. Ukienda mashariki, Nagpur, utakuta Kivarhadi. Ukishuka pwani ya kusini utakuta Kimalvani, nacho kinakaribiana na lugha ya majirani. Ukipanda kaskazini, Dhule na Jalgaon, utakuta Kiahirani, ambacho wataalamu mpaka leo wanavutana kama ni lahaja au ni lugha mbali. Lakini wote hao ukiwauliza unasema lugha gani, watakujibu Kimarathi, basi. Kusema usemi wa nyumbani mbele ya mtu msomi wanaona ni kama kwenda harusini na kanga ya jikoni.

Mnaona shida inapokaa? Mkurdi ukimpelekea mkalimani wa upande mwingine atakasirika palepale, atakupigia simu, atakutaja kwa jina, na wewe utarekebisha. Mmarathi wa kijijini atatabasamu. Ataitikia kwa kichwa. Hataki kukuabisha wewe wala kujiabisha yeye, na utarudi ofisini ukisema kazi imekwenda vizuri. Ndiyo maana nilikuwa nawakataza watu wangu kuuliza, "Umeelewa?" Hilo si swali, ni kumwomba mtu akuitikie. Mwambie akurudishie ulichomwambia. Na ukitaka kujua mtu anasema nini, usimwulize lahaja, hajui neno hilo na akilijua litamuudhi. Mwulize mama yake alizaliwa wapi, na akiandika barua anaanzia upande gani wa karatasi. Dilshad alikuwa na swali lake zuri kuliko yote, na ndilo linaloniingiza kwenye kisa nilichokusudia.

Jina la mgonjwa nimelificha na la mwanawe nimelibadilisha, msianze kuchimba. Palikuwa na dereva wa basi, nimwite Vilas, mjane, anakaa Stechford na mama yake mzazi. Mama akaanguka ngazini akalazwa. Mguu ukapona, lakini madaktari wakaona haeleweki, wakashuku kwamba akili inamtoka. Wakapanga kumpima kumbukumbu. Akionekana ni mzima, arudi nyumbani. Akionekana akili imekwenda, haruhusiwi kurudi kwenye nyumba ambayo mwanawe anatoka alfajiri na kumwacha peke yake mpaka jioni. Atapelekwa nyumba ya kulelea wazee, ambako hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia habari za asubuhi akaelewa. Simu ikaja kwangu: Kimarathi. Mmarathi wetu alikuwa mmoja, nikamtuma Sunanda.

Akarudi amenyong'onyea. Bibi alijibu maswali ya mwanzo, tena kwa shida, wakafika kwenye hesabu, kisha akanyamaza kabisa. Siku gani leo, kimya. Uko mji gani, kimya. Daktari akaandika alichokiona, na haukuwa uandishi wa kumrudisha mtu Stechford.

Baada ya siku chache Vilas akapanda ngazi zetu, bado yumo kwenye sare ya basi, macho mekundu. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga.

"Mama yangu hajasahau kitu," akasema. "Jana kanigombeza kwa kumletea ndizi mbichi. Anamkumbuka mtu aliyemwibia babu yangu mbuzi. Anamkumbuka hata mbuzi mwenyewe. Mnawezaje kusema hana akili?"

"Nilimwuliza kila swali kama daktari alivyolisema," Sunanda akajibu taratibu. "Kwa Kimarathi safi kabisa. Aliacha kunijibu."

Dilshad akaweka gilasi yake chini. "Kaka," akamwambia Vilas, "mama yako mtu wa wapi?"

"Kijiji kimoja karibu na Dhule."

"Na nyumbani mnasema nini?"

"Kimarathi."

Mwingine angeridhika. Dilshad alishazungushwa na Wakurdi wa kila upande, haridhiki upesi. Akatoa swali lake. "Akikugombeza, anakugombeza kwa lugha gani?"

Vilas akatazama viatu vyake. Dereva mzima, anayekabiliana na watoto wa shule kila siku mchana, akaona haya. "Kiahirani," akasema. "Lakini hicho cha nyumbani tu. Nani Birmingham angekijua? Nilisema Kimarathi ili mtupatie mtu."

Nikamgeukia Sunanda, nikisubiri hotuba ya Kimarathi ni kimoja. Alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Daktari akakubali kumpima bibi mara ya pili, Alhamisi, na baada ya hapo basi, maana nafasi kwenye nyumba ya wazee ilikuwa inamsubiri. Nikapiga simu Leicester, nikapiga London. Watu walinijibu kwa upole, wengine walinicheka. Mmoja aliniambia Kiahirani si lugha ya kukalimani, ni lugha ya kuitia ng'ombe. Nilimwambia kwamba nikipata ng'ombe mgonjwa nitampigia yeye.

Jumanne wenzetu walipokwenda chakula cha mchana, Sunanda akasogea mezani kwangu. "Zuhura, Alhamisi niandike mimi."

"Ili iweje, Tai? Bibi anasema Kiahirani."

"Nakijua."

"Umekijulia wapi?"

"Kwa mama yangu," akasema.

Nilimtazama huyu mwanamke wa Pune. Kumbe si wa Pune. Alikwenda Pune kusoma, msichana wa mashambani mwenye sanduku la bati, na bwenini wenzake walikuwa wanamwomba arudie sentensi zake ili wacheke vizuri. Akajifungia, akajifunza kusema kama wao mpaka hakuna aliyemtambua. Akaolewa mjini. Mume wake hajawahi kumsikia akisema lugha ya mama yake, watoto wake hawajui kama ipo. Ofisini kwetu ametutajia Pune mpaka mimi nami nikawa naijua mitaa yake. "Sasa nitaingia mle ndani," akasema, "nitafungua mdomo, na kila kitu kitatoka." Nikamshika mikono.

Dilshad alikuwa mlangoni na mkate wake, kasikia yote. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Ana haki ya kumcheka mwaka mzima, na mimi ninamjua, ataitumia haki yake. Akasimama pale, akatafuna, akameza. Kisha akamwambia, "Tai, pole," akaenda kumchemshia chai ya maziwa, akaiharibu vibaya sana, na Sunanda akainywa yote.

Alhamisi nilikwenda naye. Ilikuwa desturi yangu kukaa na kila mkalimani mara mojamoja kumkagua, na siku ile nilijipa kisingizio hicho. Bibi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, nywele zimefungwa nyuma, chale za kijani kidevuni kama walivyo wanawake wazee wa kwao. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Sunanda akainama, akamgusa bibi miguu, ndivyo wanavyowaamkia wazee wao, akasema maneno kadhaa. Mimi Kimarathi sikijui, seuze Kiahirani, lakini sauti haikuwa ile ya ofisini. Ilishuka, ikawa nzito kidogo, ikawa na mwendo mwingine kabisa.

Bibi akamtazama. Akanitazama mimi, akamtazama daktari, akauangalia mlango. Akamrudia Sunanda na kumwuliza kitu kifupi, na Sunanda akaitikia kwa kichwa. Baadaye aliniambia swali lilikuwa, "Mbele ya hawa?"

Basi bibi akafungua mdomo. Jamani, alikuwa na maneno yule mama. Siku aliijua, mwezi aliujua, hospitali aliijua na wodi yake, na jina la nesi anayefunga pazia kwa nguvu. Chai ya pale alisema haijawahi kuonana na jani. Akaambiwa atoe saba kwenye mia, kisha saba tena, na tena, akashuka nazo bila kusita mpaka daktari akamwambia inatosha, mama, nimekuelewa. Sunanda anakimbizana naye kwa Kiingereza, sweta limepanda mpaka viwikoni, nywele zimemtoka nyuma ya sikio. Sijawahi kumwona akifanya kazi vizuri vile. Daktari alikuwa anacheka, anaandika, anacheka tena.

Bibi alirudi Stechford wiki ileile, nawaambia sasa hivi msije mkakaa roho juu. Vilas alikuja kumchukua kwa gari la jirani. Lakini kabla ya hapo, daktari alipokwishafunga maswali yake, akawa na moja la nyongeza. Akataka kujua kwa nini mara ya kwanza bibi alinyamaza. Je, hakuwa anamwelewa mkalimani?

Hapa nataka mnitegee sikio. Mmefundishwa kwamba mkalimani hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi". Mgonjwa akisema tumbo linaniuma, nawe unasema tumbo linaniuma, ijapokuwa lako limejaa pilau. Akikutukana, unajitukana, maneno yote, hupunguzi hata moja. Mnapofanya mazoezi darasani mnaona ni mchezo, mnachekana. Mimi tangu siku ile siwezi kulifundisha somo hilo bila kusimama kidogo kunywa maji.

Sunanda akauliza swali. Bibi akajibu, si kwa urefu, huku akimtazama yeye na si daktari. Daktari akangoja. Mimi mkaguzi nikashika kalamu yangu, sikujua niifanyie nini. Kisha Sunanda akaanza, kwa Kiingereza chake kile kilichonyooka.

"Mwanzoni mkalimani aliniomba niseme Kimarathi cha shuleni, nikadhani ni mtu wa mjini. Nikajaribu. Halafu mkaniambia nitoe saba kwenye mia, na yeye akawa ananong'ona, anahesabu pamoja na mimi apate kujua kama nimepatia. Alikuwa anahesabu kwa lugha yetu. Nikajua huyu ni mtoto wa kwetu, na hataki ijulikane. Kimarathi cha shuleni kilikuwa kimeniishia, na ningejibu kwa lugha yangu, angelazimika kusema hanielewi, au watu wote wangemjua. Kwa hiyo nikafunga mdomo."

Daktari akaacha kuandika. Akauliza, polepole sasa, kama bibi alikuwa anajua kwamba kwa kunyamaza kwake angeweza kupoteza nyumba yake.

Bibi akasema anajua. Mwanawe alimweleza asubuhi ya kipimo kile cha kwanza, naye bibi alilia, kwa sababu anaipenda nyumba yake na hataki kufa kati ya watu asioweza kuwaomba maji. Haya yote Sunanda aliyasema kwa "mimi": mimi nililia, mimi naipenda nyumba yangu. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye sweta na hakuyafuta, maana mikono yake bibi alikuwa ameishika. Kisha bibi akaongeza maneno machache, akapandisha mabega kidogo.

Sunanda akajaribu mara ya kwanza, sauti ikakatika. Bibi, ambaye Kiingereza hakijui hata neno, akaona limekwama, akampigapiga mkono kumhimiza. Akajaribu tena.

"Mimi ni mzee," Sunanda akasema. "Nikiambiwa sina akili, hakuna atakayeshangaa. Huyu binti bado ana miaka mingi ya kuishi na watu."